Ombi na Hukumu: Historia ya Barua ya Kuomba Alama Ifikiriwe Upya, kutoka Waraka wa Pwani hadi Njoro

1.0 Utangulizi

Katika vyuo vikuu vya umma vya Kenya, kwa kawaida alama 70 ndiyo mwanzo wa A, na alama 69 ndiyo mwisho wa B. Mipaka ya namna hiyo ipo pia kati ya 59 na 60, kati ya 49 na 50, na kati ya 39 na 40, ambapo suala si gredi tena bali ni kufaulu au kushindwa. Mwanafunzi anayeangukia upande wa chini wa mpaka hupoteza zaidi ya alama moja. Wastani wa alama zake ndio unaoamua daraja la shahada, na daraja la pili la juu ndilo linalompa njia iliyonyooka ya kuingia masomo ya uzamili. Kwa mwanafunzi aliyepanga chumba katika mtaa wa Section 58, mashariki mwa Nakuru, ambaye hupanda matatu kwenda Njoro na kurudi, kozi iliyoanguka kwa alama moja ina gharama ya kodi, nauli na karo ya kuirudia.

Hapo ndipo barua huandikwa. Mwanafunzi humwandikia profesa akimwomba aisome tena kazi yake na kuifikiria upya alama aliyompa. Barua hiyo aghalabu huonekana kuwa jambo la utawala tu, lisilomhusu mhakiki wa fasihi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Barua ya kuomba alama ni utanzu wenye fani yake, maudhui yake na historia yake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba utanzu huu umerithi lugha ya huruma kutoka katika mazingira ambamo mwombaji hakuwa na haki ya kupewa sababu, ilhali alama yenyewe ilirithiwa kutoka katika mfumo usioitambua huruma hiyo. Mgongano wa urithi huo wa pande mbili ndio unaofanya barua nyingi zishindwe. Aidha, idara ya fasihi ndiyo inayopaswa kuwa ya kwanza kuuona mgongano huo, kwa sababu alama ya insha ya fasihi ni tendo la uhakiki.

2.0 Waraka, aridhilhali na barua rasmi

Sanaa ya kuandika barua kwa Kiswahili ni kongwe kuliko shule za kikoloni. Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mnamo 1711 kwa hati za Kiarabu, nazo zimehifadhiwa Goa, nchini India. Kufikia mwisho wa karne ya 19 barua za aina hii zilikuwa nyingi kiasi cha kuwavutia wataalamu wa Kijerumani. C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu mwaka 1892, na Carl Velten akatoa mwongozo wa kujifunza hati hizo mwaka 1901.

Muundo wa waraka wa pwani unafahamika vyema. Huanza kwa kumtaja mpokeaji pamoja na sifa zake, aghalabu kwa maneno ya Kiarabu yanayomkweza: yeye ni jenabu, ni mpendwa, ni mkarimu. Hufuata salamu na habari za afya. Ndipo huja “wa baadu”, yaani “na baada ya hayo”, na haja yenyewe kuarifiwa. Msomaji wa leo anaweza kudhani kwamba sehemu ya kwanza ni pambo. Kwa hakika ndiyo inayobeba uzito wa ombi. Mtu aliyeitwa mkarimu mbele ya msomaji wa barua, ambaye mara nyingi aliisoma kwa sauti mbele ya watu wengine, hakuweza kukataa ombi pasipo kulipunguza jina hilo. Salamu ilijenga uhusiano, na uhusiano ndio uliokuwa hoja. Mwombaji hakuhitaji kuthibitisha kwamba anastahili. Ilimtosha kuthibitisha kwamba yeye na mpokeaji ni watu wanaofungamana.

Utawala wa kikoloni uliuongezea urithi huu aina ya pili, nayo ni aridhilhali, yaani ombi rasmi linalopelekwa serikalini. Hapa mpokeaji hakuwa jamaa wala mshirika wa biashara. Alikuwa afisa asiyejulikana kwa uso, na mwandishi alijitambulisha kwake kuwa mtumishi wake mtiifu. Sifa za mpokeaji zilibaki lakini fungamano halikuwapo. Kilichosalia ni unyenyekevu wa upande mmoja.

Eneo la Nakuru lina mfano wa wazi wa kilichotokea pale waombaji walipoikataa lugha hiyo. Katika makazi ya Olenguruone, yaliyofunguliwa mwaka 1941 katika wilaya ya Nakuru, wakazi wa Kikuyu walidai kwamba ardhi waliyopewa ilikuwa fidia ya ardhi waliyoipoteza kwingineko, na kwa hiyo walikuwa nayo kwa haki. Serikali iliwaona kuwa walowezi waliowekwa pale kwa masharti, ikawataka wayakubali masharti ya kilimo na ya makazi. Ujumbe na malalamiko yao kwa wakuu hayakufua dafu, na kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa. Mgogoro huo ulikuwa wa maisha na ardhi, na haulingani kwa uzito na mgogoro wa alama. Hata hivyo unadhihirisha kanuni inayohusika hapa. Serikali iliweza kumsikiliza mtu anayeomba fadhila, kwa kuwa fadhila haimfungi mtoaji. Anayedai haki humlazimisha mpokeaji kutoa sababu, na sababu ndizo ambazo mamlaka hayo hayakutaka kuzitoa.

Barua rasmi iliyofundishwa katika shule za Kenya baada ya uhuru ilipunguza urefu wa sifa, ikaleta anwani mbili, kichwa kinachotanguliwa na “KUH” au “MINT”, na hitimisho la “wako mwaminifu”. Mwanafunzi anapoingia chuo kikuu anazo aina zote tatu. Anapoandika kuhusu alama, huanza kwa muundo wa barua rasmi, huendelea kwa sauti ya aridhilhali, na hatimaye hurudi kwenye fungamano la waraka: Mwalimu ni mzazi, na mzazi hamtupi mwanawe. Neno “Mwalimu” lenyewe hubeba heshima ambayo cheo cha uprofesa hakiwezi kuitoa. Kisha hufuata habari za ugonjwa, msiba, karo na wazazi. Mara chache sana ndipo insha yenyewe hutajwa.

3.0 Alama ni mali ya nani?

Ili kuelewa kwa nini barua kama hiyo hushindwa, inafaa kuiangalia historia ya alama yenyewe. Elimu ya chuo kikuu katika Afrika Mashariki ilianza chini ya kivuli cha London. Tume ya Asquith ilitoa ripoti yake mwaka 1945, na kufuatana na mapendekezo yake vyuo vya makoloni viliwekwa katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, iliingia katika uhusiano huo mwaka 1949, na shahada za kwanza za London zikatolewa huko mwaka 1953. Chuo cha Nairobi, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, kilifuata njia hiyo hiyo mwaka 1961. Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu hadi 1970 kilipogawanyika na kuzaa vyuo vikuu vya Makerere, Dar es Salaam na Nairobi.

Jambo la kuzingatiwa katika historia hii ni kwamba mwalimu aliyefundisha hakuwa mwamuzi wa pekee. Mitaala ilikubaliwa na pande mbili, na watahini wa London walishiriki katika kutunga na kusahihisha mitihani. Vyuo vilipopata uhuru wao vilibaki na umbo hilo. Mwalimu husahihisha, mtahini wa nje hupitia, bodi ya watahini hujadili, na Seneti huidhinisha. Alama iliyokwisha kupita ngazi hizo si ya profesa tena. Ni ya baraza.

Mfumo wa Kimarekani, uliofika Nairobi mwaka 1969 kwa kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Marekani, una mantiki nyingine. Humo mwalimu wa kozi ndiye mtoaji wa gredi. Yeye hutunga, hufundisha, husahihisha na hutia sahihi, na mwanafunzi huenda kumwona ofisini na kuuliza. Barua ya kumwomba profesa aifikirie upya alama ina mahali pake pa asili katika mfumo huo, kwa sababu anayeombwa ndiye mwenye uwezo wa kutoa. Mwanafunzi wa chuo kilichorithi utaratibu wa London anapomwandikia profesa wake kana kwamba alama iko mfukoni mwake, humwomba kitu ambacho baada ya kikao cha bodi hanacho tena. Profesa naye anayemjibu kwamba “mambo yako Seneti” huwa anasema kweli, lakini hutoa kweli isiyomsaidia mwanafunzi kujua kosa lake.

Utaratibu wa baraza ulikusudiwa kuleta haki. Uliondoa hatari ya mwalimu mmoja kumpendelea au kumwonea mwanafunzi. Kwa upande mwingine ulileta usiri. Mjadala wa bodi haukuandikwa kwa ajili ya mwanafunzi, na karatasi za mitihani kwa kawaida hazikurudishwa kwake. Alipata tarakimu bila sababu. Mtu aliyepewa hukumu isiyo na sababu hana hoja ya kujibu. Kimebaki cha kuomba tu, na lugha ya kuomba anayoijua ni ile ya aridhilhali.

4.0 Njoro

Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro yapata kilomita 25 kutoka mjini Nakuru, kinaonyesha historia hii kwa namna ya pekee. Kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, kwenye ekari 740 zilizotolewa na Maurice Egerton wa Tatton, kwa ajili ya vijana wa Kizungu waliojiandaa kuwa wakulima katika nyanda zilizotengewa walowezi. Katika miaka ya 1950 kikawa chuo cha kilimo chenye kutoa stashahada, na kuelekea uhuru kikafungua milango kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1986 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 kikawa chuo kikuu kamili kwa sheria ya Bunge.

Kwa hiyo taaluma ya fasihi ilifika Njoro ikiwa mgeni katika nyumba ya kilimo. Tofauti hii ina maana kwa suala la alama. Katika shamba la majaribio, matokeo hupimwa kwa mizani: magunia kwa ekari, lita za maziwa kwa ng’ombe. Mpima wa pili akirudia kazi hiyo kwa mizani hiyo hiyo, atapata jibu lile lile au la karibu sana. Insha inayojadili ushairi ilipoingia katika jedwali lile lile la asilimia, ilivikwa vazi la mizani. Tarakimu 69 chini ya kozi ya ushairi na tarakimu 69 chini ya kozi ya udongo zinafanana kwa sura. Hazifanani kwa namna zilivyopatikana.

Fauka ya hayo, fasihi iliyofundishwa Njoro ilitoka Nairobi, ambako vigezo vyenyewe vilikuwa vimezua mgogoro. Mwezi Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong’o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kupendekeza kufutwa kwa Idara ya Kiingereza na kuwekwa mahali pake idara itakayoiweka Afrika katikati. Waraka huo nao ulikuwa ombi la kufikiriwa upya. Lakini waandishi wake hawakuomba huruma. Walihoji vigezo na walitoa hoja. Kwa mtazamo wa makala hii, huo ndio mfano bora wa utanzu unaojadiliwa: barua inayoitaka taasisi ipitie upya hukumu yake na kuipa sababu za kufanya hivyo.

5.0 Alama kama uhakiki

Kwamba wasahihishaji hutofautiana si siri. F. Y. Edgeworth aliandika kuhusu takwimu za mitihani mwaka 1888 na kuonyesha kiasi cha bahati kilichomo katika alama. Mwaka 1912, Daniel Starch na Edward Elliott nchini Marekani walipeleka karatasi zilezile za mtihani wa Kiingereza kwa walimu wa shule mbalimbali. Walimu 142 walizisahihisha, na alama za karatasi moja zikapishana kwa zaidi ya 30 katika mia. Mwaka 1929, I. A. Richards wa Cambridge alichapisha matokeo ya kuwapa wasomaji mashairi yasiyokuwa na majina ya watunzi. Wasomaji waliosoma vizuri na wenye nia njema walifikia hukumu zinazopingana kabisa.

Fasihi ya Kiswahili ina ushahidi wake. Kitabu cha K. Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka mwaka 1954, kiliweka vina na mizani kuwa msingi wa shairi. Katika miaka ya 1970, kazi kama Mashairi ya Kisasa ya K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi (1973) na Kichomi ya Euphrase Kezilahabi (1974) zilichochea mgogoro mkali kuhusu iwapo utungo usiofuata vina na mizani ni shairi. Wataalamu wa pande zote mbili walikuwa walimu na wasahihishaji. Mwanafunzi aliyetetea ushairi huru kwa ustadi angeweza kuonwa na mmoja kuwa mhakiki mwenye ujasiri, na kuonwa na mwingine kuwa asiyejua maana ya shairi. Pengo kati ya maoni hayo mawili ni kubwa mno kuliko pengo kati ya 69 na 70.

Je, hii ina maana kwamba kila 69 ipandishwe? La. Mpaka ukisogezwa huzaa mpaka mwingine, na mwenye 68 atakuwa na malalamiko yale yale kesho. Zaidi ya hapo, lipo suala la wanafunzi wasioandika. Katika darasa lenye wanafunzi watano waliopata 69, mmoja akipandishwa kwa sababu barua yake ilimgusa profesa, wanne waliobaki wameonewa bila kujua. Ombi la huruma, hata likiwa la kweli katika kila neno, humtaka mwalimu awe mkarimu kwa mmoja kwa gharama ya wenzake. Ombi linaloonyesha kwamba hoja fulani iliyomo katika insha haikusomwa, au kwamba alama zilijumlishwa vibaya, halina dosari hiyo. Likikubaliwa, linarekebisha kosa.

6.0 Huruma, faragha na haki

Ombi la huruma lina hatari nyingine. Hufanyika faraghani. Mwanafunzi hubisha hodi ofisini, mlango hufungwa, na mtu mwenye uwezo wa kutoa hukaa mbele ya mtu mwenye haja. Katika mazingira hayo upendeleo, hongo na unyanyasaji wa kijinsia hupata nafasi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, iliitambua rushwa ya ngono inayodaiwa na mwenye mamlaka kuwa kosa la jinai. Sheria kama hiyo huadhibu baada ya tendo. Utaratibu unaolifanya ombi liwe la maandishi, lipitie kwa mwenyekiti wa idara, na lijibiwe kwa maandishi huupunguza uwezekano wa tendo lenyewe.

Mazingira ya kisheria ya Kenya yamebadilika pia. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu, katika Ibara ya 37, haki ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka ya umma. Ibara ya 47 inampa haki ya kutendewa kwa utaratibu ulio wa haki, na ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapoathiri haki yake vibaya. Sheria ya mwaka 2015 ikafafanua namna ya kuitekeleza Ibara hiyo. Kwa maneno mengine, kile ambacho aridhilhali ya kikoloni ilikiomba kama fadhila sasa kimeandikwa kuwa haki.

Hata hivyo mahakama ina mipaka yake. Mwaka 2000, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi iliyofunguliwa na mwanafunzi dhidi ya Chuo Kikuu cha Lincolnshire na Humberside. Kesi hiyo ilitokana na kazi aliyoiandika kuhusu tamthilia ya Tennessee Williams, A Streetcar Named Desire. Mahakama ilikubali kwamba uhusiano wa mwanafunzi na chuo unaweza kuwa suala la mkataba, lakini ikashikilia kwamba suala la alama au daraja analostahili mwanafunzi ni hukumu ya kitaaluma isiyofaa kuamuliwa na majaji. Inafaa wasomi wa fasihi waitafakari kesi hiyo. Majaji walikataa kuwa wahakiki, nao walikuwa na sababu nzuri. Lakini kwa kukataa kwao waliuacha mzigo wote mikononi mwa idara. Kama hakuna mahakama itakayoisoma insha hiyo tena, basi ni idara pekee inayoweza kuisoma kwa haki, na idara isiyotoa sababu huwa imemfungia mwanafunzi mlango wa mwisho.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba barua ya kuomba alama ifikiriwe upya ina wazazi wawili wasiosikilizana: waraka na aridhilhali kwa upande mmoja, na mtihani wa baraza kwa upande wa pili. Mwanafunzi huandika kwa lugha ya mzazi wa kwanza na hujibiwa kwa lugha ya mzazi wa pili. Kuwalaumu wanafunzi kwa kulialia si haki iwapo hawakupewa kitu kingine cha kusemea isipokuwa shida zao.

Marekebisho yako ndani ya uwezo wa idara za fasihi, na hayahitaji sheria mpya. La kwanza ni kwamba kila alama ya insha iambatane na maoni ya maandishi, hata ya mistari minne, yanayosema ni nini kilichoifikisha pale na ni nini kilichoizuia kwenda mbele. La pili ni kwamba kazi zilizo mpakani zisomwe na msahihishaji wa pili kabla ya bodi kukaa, zote kwa pamoja, waandishi wake wawe wameomba au hawajaomba. La tatu ni kwamba mwanafunzi afundishwe kuliandika ombi lake kama uhakiki: ataje aya, aonyeshe hoja iliyopita bila kuonwa, na aeleze inavyolijibu swali. Waswahili husema mwomba chumvi huombea chunguche. Mwanafunzi anayeomba kwa namna hiyo huisoma upya kazi yake mwenyewe kwa jicho la mwingine, na hilo ndilo lengo la kozi yenyewe, alama ibadilike au ibaki 69.

Profesa naye atakuwa amepokea barua anayoweza kuijibu. Anaweza kukubali kwamba aya ya tano ilimpita, au anaweza kuonyesha kwamba aliisoma na kwa nini haikumridhisha. Jibu lolote kati ya hayo mawili humpa mwanafunzi kile ambacho tarakimu peke yake haikumpa, yaani sababu.